Daftari Lililomwangusha Bwana Tweed

Wizi wa mali ya umma una namna nyingi, na kwa muda wote niliokaa katika kazi ya ukaguzi wa hesabu nimeona kwamba ule upitao katika hati za malipo humlazimu mwizi mwenyewe auandike, autie tarehe, na autafutie saini. Kwani fedha za mji hazitoki hazinani ila kwa hati, na hati haipiti ila iwe na jina la mlipwaji na sababu ya malipo. Kwa ajili hiyo nataka kumweleza msomaji habari za William Tweed wa New York, ambaye aghalabu husemwa kwamba aliangushwa na magazeti. Magazeti yalifanya kazi kubwa, wala sikusudii kuwapunja haki yao wale walioyaandika. Lakini walichokichapa kilitoka ndani ya daftari la wezi wenyewe.

Tweed alizaliwa mwaka 1823, mwana wa fundi wa viti, na sifa yake ya kwanza mtaani kwao aliipata kwa kuongoza kikosi cha wazima moto wa kujitolea. Akawa diwani, kisha akakaa kipindi kimoja katika Bunge la Marekani, na hatimaye akashika usukani wa Tammany Hall, jumuiya iliyokuwa ndiyo nguvu ya chama cha Democratic mjini humo. Kura zake zilitoka kwa maskini, khususan wahamiaji wa Ireland, ambao watu wake waliwaharakishia uraia, wakawapa kazi za mji, na wakati wa baridi kali wakawapelekea makaa ya mawe. Watu hao hawastahili kulaumiwa. Serikali ya zama zile ilikuwa haiwajali hata kidogo, na mzazi ambaye wanawe wanatetemeka kwa baridi hamwulizi ampaye makaa kayanunua kwa fedha ya nani.

Jambo ambalo mkaguzi hawezi kulisoma pasipo kuingiwa na ghadhabu ni lile lililotendeka mwaka 1870. Bunge la jimbo, ambamo Tweed mwenyewe alikuwa seneta, lilipitisha sheria mpya ya utawala wa mji, na baadaye alikiri kwamba aliwahonga wabunge ili ipite. Na mwaka huo huo, kwa sheria nyingine, madai yote ya zamani dhidi ya wilaya ya New York yakakabidhiwa baraza la ukaguzi la watu watatu, nao ni Meya Oakey Hall, mdhibiti wa hesabu Richard Connolly, na Tweed. Yaani waliokuwa wakizitumia fedha ndio waliofanywa waamuzi wa uhalali wa matumizi yake. Baraza hilo lilikutana mara moja tu, likaamua kwamba kazi ya kuyapitia madai aifanye James Watson, mkaguzi wa hesabu za wilaya, aliyekuwa mtu wao. Kisha madai ya zaidi ya dola 6,000,000 yakapitishwa, mengi yao ya uongo. Saini tatu zikawapo kama sheria itakavyo, na hakuna hata moja iliyomzuia mtu.

Mahali palipoliwa zaidi ni jengo la mahakama ya wilaya, nyuma ya ukumbi wa mji. Mwaka 1858 lilikuwa limeidhinishiwa dola 250,000. Hadi mwaka 1871 lilikuwa limekwisha kumeza zaidi ya dola 10,000,000, wala halijakamilika. Mpiga lipu mmoja, Andrew Garvey, alilipwa dola 133,187 kwa kazi ya siku mbili. Meza 3 na viti 40 viliandikwa dola 179,729. Vipimajoto 11 vilitozwa dola 7,500. Siri yake ilikuwa hivi: fundi aliagizwa aizidishe ankara yake, na fedha zilipotoka, yeye akabaki na sehemu 35 katika kila 100, zile 65 zikarudi kwa wakubwa. Tena mgao wa namna hiyo hauwezi kukaa kichwani. Maadamu kila mshirika anamshuku mwenziwe, sharti pawe na mtu wa kuandika nani kapata nini, na mtu huyo alikuwa Watson.

Mwezi wa Januari 1871 Watson aliumia katika ajali ya gari la farasi literezalo juu ya theluji, akafariki. Katika mabadiliko yaliyofuata, mtunza daftari mpya, Matthew O'Rourke, alianza kunakili tarakimu alizoziona. Na James O'Brien, aliyekuwa sherifu na ambaye madai yake yalikataliwa, akajipatia nakala nyingine. Zote zikafika gazeti la New York Times, likazichapa Julai 1871, tarakimu tupu, safu kwa safu. Wakopeshaji wa Ulaya waliokuwa na hati za deni la mji wakaingiwa na hofu, na mji usiokopesheka hauwezi kuwalipa hata vibarua wake. Ndipo wakili Samuel Tilden alipofungua hesabu za benki, akazilinganisha tarehe za hati na tarehe za amana, ikabainika kwamba kila malipo yalipotoka mjini, fungu lake lilionekana muda mfupi baadaye katika hesabu ya Tweed. Kwa maoni yangu, kazi ile ya kimya ndiyo iliyomfunga.

Novemba 1873 alipatikana na hatia katika mashtaka 204 kati ya 220, akahukumiwa miaka 12. Mahakama ya rufani ikaipunguza ikawa mwaka mmoja. Alipotoka alikamatwa tena kwa kesi ya madai ya dola 6,000,000, akashindwa kutoa dhamana ya dola 3,000,000. Desemba 1875 alitoroka, akapitia Kuba hadi Hispania, ambako alitambuliwa kwa picha ya mchoraji Thomas Nast, akarudishwa. Mwaka 1877 alieleza yote mbele ya kamati ya madiwani, akitumaini kuachiwa huru. Mwanasheria mkuu wa jimbo akakataa, naye akafa gerezani tarehe 12 Aprili 1878.

Washirika wake hawakuonja hata nusu ya hayo. Hall alishtakiwa akaachiliwa. Connolly alikimbilia ng'ambo na fedha zake, asirudi. Peter Sweeny, aliyekuwa na fungu lake katika mgao, alikubaliana na serikali kurejesha takriban dola 400,000, na deni hilo likaandikwa kwa jina la ndugu yake aliyekwisha kufa.