Ulimi Uliomponza Voltaire

Mwanzoni mwa mwaka 1726, katika jumba la maonyesho jijini Paris, kabaila mmoja aliyeitwa chevalier de Rohan-Chabot alimgeukia mwandishi aliyekuwa akivuma mjini na kumuuliza, kwa sauti ya kutaka wengine wasikie, jina lake hasa ni lipi: Voltaire au Arouet? Swali lilikuwa na sumu. Mwandishi yule, mwenye umri wa miaka 31, alizaliwa François-Marie Arouet, na hilo la Voltaire alijipa mwenyewe ukubwani. Baba yake alikuwa mwandika mikataba, si mtu wa nasaba. Rohan alikuwa akimwambia mbele za watu kwamba hana ukoo.

Masimulizi yanatofautiana kuhusu maneno ya jibu, lakini maana yake ni ile ile: mimi jina langu linaanza na mimi, wewe lako linaishia kwako. Rohan akainua bakora. Voltaire akashika upanga. Inasemekana Adrienne Lecouvreur, mwigizaji mashuhuri wa enzi hizo, alizimia, na ugomvi ukakatikia hapo.

Jibu kama hilo Wafaransa huliita bon mot, na Waingereza wamelichukua jina hilo hivyo hivyo lilivyo. Ni kauli fupi yenye akili, inayotoka papo kwa papo na kumwacha aliyelengwa hana la kusema. Sharti gumu ni hilo la papo kwa papo. Mwanafalsafa Denis Diderot alisimulia jinsi alivyonyamazishwa na neno la mgeni mwenzake nyumbani kwa Jacques Necker, tajiri mwenye benki, akakosa la kujibu mpaka alipokuwa ameshuka ngazi. Sebule za wakubwa zilikuwa ghorofani, kwa hiyo aliyefika chini ya ngazi alikuwa ameshaaga, na jibu lake halikuwa na wa kulisikia. Nani kati yetu hajawahi kulipata jibu tamu akiwa njiani kurudi nyumbani?

Sebule hizo ziliendeshwa na wanawake, na hapo ndipo maneno haya yalipopikwa. Mama mwenye nyumba ndiye aliyechagua wageni, akaongoza mazungumzo na kumkatiza aliyechosha watu. Neno lililosemwa usiku kwenye chakula, kesho yake lilikuwa limezunguka mji mzima, na keshokutwa limo kwenye barua kwenda nchi za mbali. Lilipokosa mwenyewe lilibandikwa jina la mtu maarufu, ndiyo maana mwanadiplomasia Talleyrand anahesabiwa misemo mingi ambayo huenda hakuitamka kamwe.

Kati ya mama hao, ninayempenda kuliko wote ni Madame du Deffand, aliyepofuka macho akaendelea kupokea wageni mpaka uzeeni. Siku moja Kardinali de Polignac alikuwa akisimulia habari za Mtakatifu Denis, askofu wa kale wa Paris, ambaye kwa mapokeo ya Kanisa alikatwa kichwa, akakiokota na kutembea nacho mwendo mrefu. Kardinali aliushangaa sana umbali ule. Bibi akamjibu kwamba umbali si kitu. Hatua ya kwanza tu ndiyo ngumu. Hakumtukana kardinali, hakumkana mtakatifu, wala hakuongeza neno la kufafanua. Alikubaliana na kisa kizima, na kwa kukubali huko watu wakakiona kilivyo. Ukitaka kujua ufundi wa bon mot, shika hapo.

Lakini Madame du Deffand alikuwa mtu wa tabaka la makabaila. Voltaire hakuwa, na gharama yake ikawa nyingine. Siku chache baada ya majibizano yale alikuwa mgeni wa Duke wa Sully kwenye jumba lake la mtaa wa Saint-Antoine. Akaambiwa kuna mtu anamhitaji mlangoni. Alipotoka, vibaraka wa Rohan wakamshika na kumtandika kwa fimbo, bwana wao akiwa ndani ya gari lake la farasi anatazama. Voltaire akarudi mezani, nguo zimevurugika, akamwomba duke waende pamoja kushitaki. Duke akakataa.

Hapo ndipo kisa hiki kinaponiuma. Watu wale walikuwa wamecheka kwa maneno yake miaka na miaka. Walimwalika kwa sababu ya ulimi wake, na bila yeye meza yao ingepooza. Ulimi huo ulipomletea fimbo, hakuna aliyenyanyuka kitini. Huo nauita usaliti, na haukuishia Paris. Hata leo wapo wanaosambaza kazi za mchekeshaji au mchora katuni usiku kucha, kisha akikamatwa asubuhi wanasema alijitakia.

Voltaire akaanza kujifunza kupigana kwa upanga ili amwite Rohan kwenye pambano la watu wawili. Ukoo wa Rohan ukawahi. Mwezi Aprili alitiwa gerezani Bastille kwa waraka wa mfalme, bila mashitaka wala hukumu, akaachiwa mwezi uliofuata kwa sharti la kwenda Uingereza. Huko alijifunza Kiingereza, akayasoma maandiko ya mwanasayansi Newton na mwanafalsafa Locke, akajionea nchi yenye madhehebu mengi yanayoishi pamoja. Aliyaandika hayo katika kitabu kilichotoka London kwa Kiingereza mwaka 1733, na kwa Kifaransa mwaka uliofuata. Mahakama kuu ya Paris iliamuru kichomwe moto hadharani. Hata hivyo kiliendelea kusomwa, na kinasomwa mpaka sasa. Ama Rohan-Chabot, aliyejivunia ukoo, leo hakuna anayemtaja ila kwa sababu ya fimbo zile.