Udongo Uliochacha, na Dawa Yake

Upande wa kaskazini-magharibi wa bomba kubwa la moshi la Lubumbashi pana mahali ambapo mvua hunyesha kama kwingineko, na hata hivyo miti haioti. Je, ardhi hiyo imelaaniwa? Hasha! Elimu ya kemia yatufumbulia fumbo hilo, nayo yaanzia jikoni.

Chemsheni maua mekundu ya ngai-ngai, chujeni maji yake, mkayagawe katika bilauri mbili. Katika ya kwanza tieni matone ya ndimu: wekundu utazidi kung'aa. Katika ya pili tieni maji ya majivu yaliyochujwa: wekundu utatoweka, na rangi itaelekea kijani. Ndimu ina asidi; majivu yana kinyume chake, yaani besi. Maji ya maua, yanayotuonyesha kwa rangi ipi ni ipi, huitwa kiashiria. Sasa mimineni ndimu kidogo kidogo katika bilauri ile ya pili: mara wekundu utarudi. Asidi na besi zimetulizana.

Wataalamu hupima mambo haya kwa kipimo cha pH, alichokibuni Mdenmark Søren Sørensen mwaka 1909. Namba 7 ni katikati. Chini yake ni asidi, juu yake ni besi. Wala hatua moja si ndogo: penye 4 asidi ni mara kumi kuliko penye 5.

Basi turudi kwenye bomba letu. Mwaka 1911 kampuni ya Union Minière iliwasha hapa tanuri ya kuyeyushia shaba. Madini mengi yaliyochomwa baadaye, kama yale ya Kipushi, yalikuwa na salfa. Salfa ikiungua hutoa hewa kali, na hewa hiyo ikichanganyika na maji ya angani hugeuka kuwa asidi. Kwa miaka mingi pepo za kusini-mashariki ziliipeleka juu ya msitu wa miombo, pamoja na vumbi la shaba. Miti ikafa, udongo ukachacha, mvua ikauchukua. Tena asidi huiyeyusha shaba, na shaba iliyoyeyuka ndiyo huingia katika mizizi na kuiharibu.

Dawa ni ipi? Ni ile ile ya bilauri: besi. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza jaribio lao la kuotesha aina tatu za nyasi za asili katika udongo wenye shaba, wakitia chokaa na mboji. Asidi ilipungua, na shaba ikapungua nguvu ya kuyeyuka.

Lakini tusijidanganye. Chokaa haiondoi shaba; yaifunga tu. Udongo ukichacha tena, kifungo chafunguka. Kwa hiyo mama apandaye lengalenga karibu na mahali hapo asiridhike kwa kuona majani mabichi: udongo upimwe kwanza, na mboga zioshwe vizuri, maana vumbi hukaa juu ya majani. Wala chokaa isimwagwe ovyo, kwani ikizidi nayo hudhuru mimea.

Enyi wanafunzi, somo la asidi na besi si la kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Ndilo litakalowafundisha kuponya shamba la nyumbani.