Je, Ni Kodi, Fidia au Malipo ya Ukaaji?

Majuzi nilipopita Machakos mjini, fundi cherehani ambaye amenishonea suti tangu nikiwa mhadhiri mchanga aliniita kutoka mlangoni pa duka lake. "Prof, nimeshinda!" akasema. "Korti imesema niendelee kulipa kodi. Kwa hivyo mimi bado ni mpangaji, sindio?"

Nilimwomba anionyeshe karatasi. Haikusema ameshinda. Jopo linaloamua migogoro ya majengo ya biashara lilikuwa limemwamuru ahame; naye akakata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ndani ya siku thelathini zinazoruhusiwa na Sura ya 301 ya sheria zetu. Jaji alichofanya ni kusitisha kufurushwa kwake hadi rufaa isikizwe, kwa sharti kwamba alipe kiasi fulani kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi. Amri ilikuwa kwa Kiingereza. Kijana wake ndiye aliyemsomea, na alipofika kwenye malipo hayo akasema tu "kodi".

Simlaumu kijana. Angetumia neno gani?

Neno rufaa lina mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuinua: kesi hupandishwa ngazi. Wenzetu Tanzania husema rufani. Wengi hudhani kesi ikishapandishwa, amri ya huku chini imekufa. La hasha. Kwa mujibu wa Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za 2010, Agizo la 42, kanuni ya 6, rufaa peke yake haizuii chochote. Anayetaka amri isitishwe lazima aombe bila kuchelewa, aonyeshe kwamba atapata hasara kubwa, na atoe dhamana. Katika kesi za nyumba na maduka, aghalabu mahakama huongeza sharti la malipo ya kila mwezi, maana si haki mwenye jengo akae miaka miwili bila senti huku faili ikisubiri zamu.

Sasa tuyaite nini malipo hayo? Kodi ni neno lenye mzigo. Kwanza, tunalitumia pia kwa pesa anazotoza Kaisari, ndiposa watu wa pwani wengine hupendelea pango kwa ya nyumba (nalo pango ni makao ya popo, lakini hilo tuliache). Pili, kodi hudokeza mkataba: mmoja amepangisha, mwingine amepanga. Ilhali hilo hasa ndilo linalobishaniwa katika rufaa. Na si ubishi wa maneno matupu. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema mwenye mali akipokea kodi kwa miezi miwili mfululizo baada ya ukodishaji kukoma, huchukuliwa kwamba umezaliwa ukodishaji mpya wa mwezi hadi mwezi. Haishangazi kwamba landilodi wa fundi wangu alizikataa pesa za mwezi wa kwanza alipoona zimeandikwa "rent".

Wapo watakaosema fidia. Mawakili wana istilahi yao, "mesne profits", ambayo neno lake la kwanza ni Kifaransa cha kale chenye maana ya "kati". Hayo hudaiwa kwa mtu aliyekalia mali isivyo halali. Ila fidia humfanya mlipaji aonekane tayari amekosa, kabla jaji hajaamua. Malipo ya matumizi nayo? Mkenya akisikia "pesa za matumizi" atafikiria unga na karo, pengine hata kesi ya malezi ya mtoto.

Mimi napendekeza malipo ya ukaaji. Ukaaji ni hali tu: fundi yumo dukani, awe yumo kwa haki au bila haki. Neno halimpi upangaji wala halimvui.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni mazoea yanayoandamana na kodi. "Landilodi wangu huningoja mpaka tarehe 15," fundi aliniambia. Kwa kodi, sawa, mtu husukuma siku. Lakini karatasi yake ilisema wazi kwamba akikosa kulipa hata mara moja, usitishaji unaanguka wenyewe. Dalali hatasubiri tarehe 15. Siku hiyo ilikuwa tarehe 3.

Nilimshauri ampigie wakili wake simu kabla sijatoka dukani. Wakili akasema ataomba pesa ziwekwe mahakamani iwapo landilodi ataendelea kuzikataa, na kwamba kwenye stakabadhi iandikwe nambari ya kesi na maneno "malipo kwa amri ya mahakama". Fundi aliyaandika kwa chaki ya kukatia nguo, ukutani, juu ya cherehani, na chini yake akaongeza: TAREHE 5.