Fahamu: Irabu saba, kibodi ya irabu tano

Kibodi tunazotumia zimepangwa kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili zinatosha. Lakini Kinyamwezi, kinachosemwa Ulyankulu mkoani Tabora, kina irabu saba. Mbili kati yake wanaisimu huziandika ɪ na ʊ. Mchapaji asiyeziona huweka i na u, na maneno mawili yenye maana tofauti yakawa neno moja. Lawama huangukia kibodi, kumbe herufi zimo tayari ndani ya kompyuta: mfumo wa Unikodi umeipa kila moja namba yake. Katika Word ya Windows, andika 026A kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja, ɪ itatokea. 028A huleta ʊ. Asiyependa kukariri namba atazikuta kwenye orodha ya alama, chini ya Insert.

Wapo watakaosema msomaji ataelewa kwa muktadha. Msomaji, sawa, kompyuta haina muktadha. Hata Kiswahili hakijasalimika: ng'oa ni kung'oa mti, ngoa ni wivu, na kinachozitenganisha ni ritifaa tu. Tena ritifaa zenyewe ni mbili, iliyonyooka (0027) na iliyopinda (2019). Jicho huziona sawa, lakini jina kama Ng'wandu lililoingizwa kwenye orodha kwa moja laweza lisipatikane likitafutwa kwa nyingine, na karani akaapa kwamba mwenye jina hakuandikishwa.