Makala ya Kisangani Yaandikwa Daftari Gani?

Kila alfajiri, katika barabara ziingiazo Kisangani, vijana wasukuma baiskeli zilizosheheni magunia ya makala. Petroli yapimwa kwa lita, na umeme wa bwawa la Tshopo, lililojengwa miaka ya 1950, wapimwa na SNEL. Bali makala, yapikayo katika nyumba nyingi mno, mara nyingi hufika sokoni bila karatasi yoyote.

Basi wataalamu watakao kujua hewa chafu ya jimbo hufanyaje? Huanza jikoni. Humwuliza mama gunia moja lamtosha siku ngapi, kisha hulipima kwa mizani, maana gunia la soko hili si sawa na la soko lile. (Wauzaji nao wajua sana kulirundika juu!) Kati ya 2009 na 2013 mradi ulioitwa Makala, uliolipiwa na Umoja wa Ulaya, ulichunguza mambo ya kuni na makala hapa kwetu na Kinshasa pia. Hesabu ifuatayo ni ya darasani: kilo moja ya makala ikiteketea yatoa hewa ukaa ipatayo kilo 3, lita moja ya dizeli ya jenereta, kilo 2.7 hivi.

Lakini, wasomaji wapenzi, hapa pana jambo la kushangaza. Kwa kanuni za mataifa, hewa ukaa ya makala haijumlishwi katika daftari la nishati, ila katika daftari la misitu. Mti mpya ukiota mahali pa uliokatwa, huivuta tena hewa ile, na deni lalipwa. Usipoota, deni labaki. Asomaye daftari la nishati peke yake angedhani Kisangani haina moshi! Na katika tanuru ya udongo kilo moja ya makala yala kilo 6 hivi za kuni.

Mama asilaumiwe. Umeme ukikatika, watoto watapikiwa kwa nini?

Huko Yangambi, kama kilomita 100 kutoka hapa tukishuka mto, mnara wa mita 55 uliosimamishwa mwaka 2020 wapima pumzi ya msitu usiku na mchana. Wenyeji wa huko wamepanda pia akasia za kuni. Zikikatwa na kupandwa tena, gunia lake laweza kuandikwa bila deni. Gunia litokalo msitu wa kale halina wa kulilipia, na mara nyingi halina hata wa kuliandika.