Siwindhe Iliyolipiwa Washington

Paukwa! Pakawa! Hiyo ni ya watu wa pwani, najua, lakini shuleni mmeizoea, basi tuitumie.

Zamani, katika boma la Mluo, kulikuwa na nyumba iliyoitwa siwindhe. Mwenyewe alikuwa bibi mzee, pim, na wasichana wa boma walilala kwake. Usiku pim alitega vitendawili na kusimulia hadithi, na humo ndani ya hadithi akapenyeza yale ambayo mama huona haya kumwambia bintiye: mwili unavyobadilika, mwanamume wa kumkwepa, jinsi ya kukataa na ukaeleweka. Pim hakuwa na mshahara. Boma lilimlisha, basi.

Siwindhe zilififia. Hapa Asumbi, Homa Bay, wamisionari wa Kikatoliki walijenga kanisa, zikaja shule ya wasichana na chuo cha walimu, na pim akabaki kwenye vitabu vya historia. Kisha ukaja ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kati ya kila watu wazima 100 wa Kaunti ya Homa Bay, karibu 20 walikuwa wakiishi na virusi. Kwa jirani zetu wa Migori walikuwa 13. Kenya nzima, kama 5. Na wasichana walikuwa wakiambukizwa mapema kuliko wavulana wa rika lao.

Hata kabla ya utafiti huo, siwindhe ilikuwa imerudi kwa jina la DREAMS, mradi wa serikali ya Marekani uliotangazwa mwishoni mwa 2014 kwa ajili ya wasichana na wanawake vijana. Ulianza na nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, na Homa Bay ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza. Kikao kilikuwa hivi: Jumamosi, darasa la shule ya msingi, wasichana wameketi kwa rika. Menta wao ni dada wa kijiji hichohicho, amewazidi miaka michache tu. Ana daftari. Anaita majina, na asipoitikiwa anauliza: huyu yuko wapi? Swali hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa na thamani zaidi kuliko sodo, kuliko karo, kuliko hata mafunzo ya kuweka akiba, ingawa yote hayo yalikuwemo. Msichana anayekosa vikao mfululizo mara nyingi ana jambo nyumbani, na menta alijua njia ya kufika huko.

Tofauti na pim, huyu alihitaji nauli ya boda na posho kidogo. Pesa hizo zilitoka kwa mlipa kodi wa Marekani, zikapitishwa na Bunge lao, zikaingia kwa mashirika makubwa, yakagawia mashirika madogo ya mashinani, mpaka zikamfikia yeye. Safari ndefu kweli kwa nauli ya boda.

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Siku chache baadaye mashirika yakaagizwa kusitisha kazi. Machi, waziri wake wa mambo ya nje, Marco Rubio, akatangaza kuwa asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani, imefutwa, na ilipofika Julai mosi shirika lenyewe likafungwa.

Hapa sikilizeni vizuri. Dawa za ukimwi ziliruhusiwa kuendelea, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa za kuokoa maisha. DREAMS haikuruhusiwa. Msichana akishaugua, anaokolewa. Kumzuia asiugue hakukuhesabiwa kuokoa. Mimi hesabu hiyo imenishinda.

Mtauliza, na serikali yetu? Mwaka 2001, mjini Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijafika hapo. Zaidi ya nusu ya kodi tunayotoa huishia kulipa madeni. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi, mwana wa Homa Bay, aliwaambia wabunge kwamba Hazina haiwezi kumpa kila mwanafunzi wa sekondari shilingi 22,244 kwa mwaka kama ilivyopangwa. Ikiwa pesa za karo hazitoshi, za menta zitatoka wapi?

Ipo bajeti moja iliyo karibu kidogo. Kila mwaka, kabla ya Aprili kwisha, makadirio ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la Homa Bay, na Katiba inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Mikutano huitwa, na mara nyingi wanaokuja ni wazee wenye shida ya barabara. Nendeni na mama zenu. Barabara zikishasemwa, ombeni kuonyeshwa ni ukurasa gani wenye posho ya menta.