Mkama Ndume: bwana mkubwa wa Pujini na jumba lililomezwa na miti

Mjini tuna msemo wetu. Mtu akipigika kimaisha anasema, "Nimesota, bwana." Basi msomaji, kama hujafika Pujini, usijisifu kuwa umesota. Huko Pemba wazee wanasimulia watu waliosota kwelikweli: wakijiburuza chini kwa makalio huku wamejitwisha mawe ya kujengea jumba la mfalme. Kusimama ruksa hakuna!

Mfalme mwenyewe simulizi zinamtaja kuwa Muhammad bin Abdulrahman, lakini jina hilo ulitaje Pemba nzima, wachache watakuelewa. Sema Mkama Ndume uone. Kukama ni kukamua maziwa. Ndume unamjua. Sasa dume lina maziwa gani? Ndiyo hivyo, huyu bwana alikamua wanaume mpaka kisichokuwemo.

Jumba lake lilikuwa Pujini, kama kilomita 10 kusini mashariki ya Chake Chake, upande wa bahari ya mashariki. Leo ukienda ukitegemea kuona ghorofa na minara utarudi umenuna. Utakuta miti mikubwa, mizizi iliyokumbatia mawe, na tuta refu la udongo. Usilidharau tuta hilo. Ndilo lililokuwa boma lenyewe, na nje yake likachimbwa handaki. Eneo lililozungushiwa ni zaidi ya hekta moja. Miji mingine ya Waswahili wa zamani ilikuwa na kuta za mawe, lakini boma la tuta na handaki namna hii, kwa mtu mmoja na jamaa zake, ni jambo la nadra sana katika mwambao wetu.

Na mzee alijua kujipanga. Karibu na hapo kuna mkono wa bahari wenye mikoko, na watu wanasema uliongezwa kwa kuchimbwa ili majahazi yasogee mpaka mlangoni. Mali inashuka, jirani haoni.

Haya, tuje kwenye mambo ya nyumbani. Ndani ya boma kuna kisima, na kisima hicho kimegawanywa na ukuta. Kwa nini? Wake wenza! Simulizi inasema mke mmoja alishuka kwa ngazi kuteka maji, mwenzake akateka kwa ndoo na kamba kutoka juu, wasije wakakutana macho kwa macho. Bwana aliyewatisha wanaume wa kisiwa kizima, kumbe kwake anajenga ukuta kisimani apate usingizi. Wanaume wenye nyumba mbili mjini, hapo mna la kujifunza.

Kitu cha ajabu zaidi kiko chini ya ardhi. Kuna chumba kidogo, unashuka kwa ngazi, na ukutani imechorwa siwa kwa lipu iliyoinuka. Siwa ni ile baragumu kubwa ya wakubwa, iliyopulizwa kwenye harusi na sherehe za watawala wa mwambao. Mwenye siwa ndiye mwenye nchi. Kwa hiyo hata huko gizani bwana huyu aliweka nembo ya cheo chake.

Sasa nani alijenga? Mwaka 1920 Mwingereza F. B. Pearce, aliyekuwa Balozi Mkazi wa Uingereza Zanzibar, alitoa kitabu kuhusu visiwa hivi na kulitaja jumba la Pujini kama kazi ya watu waliotoka Uajemi. Enzi zile kila ukuta mzuri lazima uwe wa mgeni! Baadaye akaja mwanaakiolojia wa Kimarekani, Adria LaViolette, akachimba, na miaka ya 1990 akatoa ripoti zake. Picha iliyopatikana ni nyingine: jumba ni la karne ya 15, na waliolijenga na kuishi humo ni Waswahili wa hapa hapa. Mawe ni ya matumbawe ya kwetu. Waliosota nayo walikuwa watu wa kwetu, na aliyewasotesha pia.

Hapo ndipo pananipa mawazo. Tukimpa Mwajemi sifa ya jumba, tunampa na lawama pia, halafu sisi tunakaa pembeni kama watazamaji. Ukweli ni kwamba kuonea wanyonge hakukuja na meli. Wareno walipofika mwambao huu mwaka 1498, Mkama Ndume alikuwa tayari kwenye masimulizi au njiani kuingia.

Na tazama wanyonge walivyolipiza. Hawakuwa na panga wala mzinga. Walikuwa na mdomo. Wakampachika jina, na jina likashinda boma. Handaki linajaa majani, kuta zimelala, lakini mtoto wa Pemba aliyezaliwa juzi anajua kuwa hapa palikuwa na mtu aliyekamua wenzake.

Ukienda Pemba, usiishie kula pweza na kurudi na karafuu. Anzia makumbusho ndani ya ngome ya Chake Chake, kisha teremka Pujini na mtu wa hapo. Mawe usiyaguse wala usibebe hata moja. Yalishabebwa ya kutosha.